Unga wa kemikali unaojipasha joto mpaka ukawaka: kupima kwa kikapu na tanuri, na kusoma majibu

Kapu_la_Waya | #1

Heshima kwenu wakuu.

Swali linalorudi humu kila mara ni hili: "Unga huu unawaka wenyewe kwa nyuzi ngapi?" Likiulizwa hivyo halijibiki. Unga wa makaa uleule utakaa kwenye tanuri la nyuzi 140 bila shida ukiwa kijiko kimoja. Ukiwa lita moja, kwa nyuzi hizohizo 140, uko kwenye mpaka wa kuwaka. Ukiwa rundo la mita tatu kila upande, nyuzi 50 zinautosha. Taja ukubwa wa rundo kwanza, ndipo tuzungumze nyuzi. (Nyuzi zote humu ni za selsiasi, isipokuwa nikitaja kelvini.)

Sababu yenyewe ni hii. Punje zinaoksidika polepole na hewa iliyo katikati yake. Joto linazaliwa ndani ya ujazo wote, ila linatoka kwa kupitia uso peke yake. Zidisha upande wa rundo mara mbili: ujazo unakua mara nane, uso mara nne tu. Na unga ni blanketi, joto linapita ndani yake kwa shida. Joto la katikati likipanda, kuoksidika kunaongeza kasi, joto linapanda tena, na kuna mahali ambapo uso haumudu tena kulitoa.

Kipimo kinachotumika kuainisha mizigo ni N.4 cha kitabu cha vipimo na vigezo cha Umoja wa Mataifa. Vifaa:

Vikapu viwili vya mchemraba, upande 25 mm na upande 100 mm, vya wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu ya 0.05 mm, wazi juu. Kila kikapu kinakaa ndani ya kasha la wavu wa 0.60 mm, kubwa kidogo kuliko chenyewe. Kasha hilo linaingia kwenye kizimba cha tatu cha wavu wa 0.595 mm, vipimo 150 × 150 × 250 mm. Hiki cha tatu ndicho watu hukiruka kwa kubana matumizi, na ndicho kinachozuia upepo wa feni usipoze sampuli upande mmoja.

Tanuri la hewa moto inayozungushwa, ujazo wa ndani zaidi ya lita 9, linaloweza kushika nyuzi 140 bila kupotoka zaidi ya 2 juu au chini.

Themokapo (vipima joto vya waya) mbili za kromeli na alumeli, kipenyo 0.3 mm. Moja katikati ya sampuli, moja kati ya kikapu na ukuta wa tanuri. Zote zinarekodi mfululizo.

Unga unajazwa kama unavyouzwa. Usiukaushe, usiuchekeche, usiusage upya. Jaza mpaka ukingoni, gongagonga kikapu mara kadhaa, ukishuka ongeza, ukizidi sawazisha. Ning'iniza katikati ya tanuri, pandisha mpaka nyuzi 140, shikilia saa 24. Jibu ni "ndiyo" kama umewaka, au kama joto la sampuli limepita nyuzi 200, yaani 60 juu ya tanuri.

Kanuni rasmi inaruhusu kuanza na kikapu kikubwa. Kwa unga usioujua, mimi naanza na kile cha 25 mm. Ukijibu "ndiyo" hapo, umeshamaliza: ni daraja 4.2 (vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe), kundi la ufungashaji II (hatari ya kati; I ni kubwa, III ni ndogo), na hukulazimika kuunguza lita nzima ndani ya maabara.

---

MizigoBandarini | #2

Mkuu shukrani. Mfano nina MSDS (karatasi ya usalama ya kemikali) imeandikwa "joto la kujiwasha: nyuzi 320". Si inatosha? Bohari lenyewe halizidi 40.

---

Kapu_la_Waya | #3

Haitoshi, na namba ya aina hiyo ndiyo inayopotosha watu wengi kuliko zote.

Mara nyingi namba hiyo inatoka kwenye njia ya Ulaya iitwayo A.16. Pale kuna mchemraba wa wavu wa 20 mm, yaani mililita 8 za unga. Tanuri linapandishwa nusu nyuzi kila dakika mpaka 400. "Joto la kujiwasha" ni joto la tanuri pale sampuli ilipofika 400. Angalia mambo mawili: sampuli ni ndogo mno, na tanuri halimsubiri mtu. Unga ambao ungehitaji saa kumi za kukaa kwa nyuzi 150 ili uwake haupewi saa hizo kumi, maana tanuri linapita palepale na kuendelea.

A.16 inafaa kulinganisha unga A na unga B. Kukuambia kama mfuko wa tani moja utakaa salama bohari la nyuzi 40, haiwezi.

Kuna mtego mwingine: kipimo cha miligramu chache ndani ya kikombe kilichofungwa, kile cha kulinganisha mtiririko wa joto. Kinaona kuvunjika kwa kemikali yenyewe, lakini ndani hakuna hewa ya maana, hivyo kuoksidika hakionekani. Mstari ulionyooka mpaka nyuzi 250 kwenye kikombe kilichofungwa hausemi lolote kuhusu makaa, sulfidi au unga wenye mafuta.

---

Hesabu_Baridi | #4

Niongeze kwa nini nyuzi zinazotumika kwenye N.4 ni 140, 120 na 100, maana wengi hudhani zimechaguliwa kwa kubahatisha.

Zimejengwa juu ya makaa. Mchemraba wa makaa wa mita za ujazo 27 (upande mita 3) unafika mpaka wake wa kuwaka kwa nyuzi 50, na lita moja ya makaa hayo inafika kwa 140. Kwa hiyo lita moja kwa 140 inasimama badala ya mita 27 za ujazo kwa 50. Vivyo hivyo lita moja kwa 120 inasimama badala ya mita 3 za ujazo, na lita moja kwa 100 badala ya lita 450. Ndiyo maana uamuzi unasomeka hivi:

Kikapu cha 100 mm kwa 140 kikisema "hapana", unga hauingii 4.2 na kazi imeisha. Kikisema "ndiyo" na cha 25 mm kwa 140 nacho "ndiyo", kundi II. Cha 25 kikikataa, unaangalia kifungashio. Kikizidi mita 3 za ujazo, kundi III. Kisipozidi, rudia lita moja kwa 120: "hapana" inakutoa 4.2 kwa ukubwa huo wa kifungashio. "Ndiyo", na kifungashio kinazidi lita 450, kundi III. Kikiwa lita 450 au chini, rudia kwa 100: "ndiyo" ni kundi III, "hapana" unatoka.

Kwa hiyo mfuko wa kilo 25 na mfuko wa jumbo wa unga uleule wanaweza kupata majibu mawili tofauti, na yote mawili ni sahihi.

---

Bohari7 | #5

> unga uleule wanaweza kupata majibu mawili tofauti

Ila mifuko 800 ya kilo 25 iliyopangwa bila nafasi ni rundo moja. Moto hausomi lebo ya kifungashio.

---

Hesabu_Baridi | #6

Kweli kabisa, mkuu. Uainishaji ni wa karatasi za usafirishaji, bohari linataka hesabu yake.

Hesabu ni ya Frank-Kamenetskii. Kwa mchemraba:

ln(2.52 × T² / r²) = M − P/T

ln ni logi asilia, T ni joto la mazingira kwa kelvini, r ni nusu ya upande kwa mita, na M na P zinatoka kwenye vipimo vyako. Hiyo 2.52 ni ya mchemraba. Bamba pana ni 0.88, silinda ndefu ni 2.00, tufe ni 3.32. Unapima vikapu vya ukubwa tofauti, tuseme 25, 50, 100 na 150 mm tanuri likitosha. Kwa kila kimoja unatafuta joto la juu lisilowasha na la chini linalowasha, unabana mpaka zikaribiane, kisha unachora upande wa kushoto wa hesabu dhidi ya 1/T. Zikikaa kwenye mstari, mteremko ni P.

Kwa mfano tu, tuchukue makaa ya rejea ya Umoja wa Mataifa. Nukta ya kwanza: r = 0.05, T = 413. Upande wa kushoto ni 18.96. Nukta ya pili: r = 1.5, T = 323. Upande wa kushoto ni 11.67. Tofauti 7.29 gawa kwa tofauti ya 1/T, yaani 0.000674, unapata P karibu 10,820. Zidisha kwa 8.314, nishati ya kuamsha ni takriban kilojuli 90 kwa moli. M ni 45.15.

Sasa uliza bohari. Kwa nyuzi 40, mchemraba wa hatari una upande wa karibu mita 5. Kwa nyuzi 60, joto ambalo kontena la bati lililoanikwa juani hulifikia, upande unashuka mpaka mita 1.87. Upana wa ndani wa kontena la kawaida ni kama mita 2.35. Kontena likijazwa mpaka dari, umeshapita.

Na ukubwa wa 25 mm? Hesabu hiyohiyo inatoa karibu nyuzi 194. Ndiyo maana makaa haya hayapati kundi II.

Nukta mbili hazitoshi kwa kazi halisi, nimezitumia kuonyesha njia. Tatu ndiyo chini kabisa, nne ndipo utaona kama mstari unapinda.

---

PodaNyeusi | #7

Na muda? Meli nyingi zimewaka wiki kadhaa baada ya kupakia, wakati tanuri linajibu ndani ya siku moja.

---

Hesabu_Baridi | #8

Muda unafuata mraba wa ukubwa. Chukua r² gawa kwa uwezo wa unga kupitisha joto, ambao kwa unga mwingi uko jirani na 10⁻⁷ m² kwa sekunde.

Kikapu cha 25 mm: dakika 26. Kikapu cha 100 mm: sekunde 25,000, karibu saa 7. Rundo la upande mita 2: sekunde milioni 10, karibu siku 116. Ni makadirio ya ukubwa, usiyatumie kama saa ya ukutani. Lakini yanaonyesha kwa nini saa 24 zinatosha lita moja, na kwa nini "limekaa wiki mbili bila tatizo" si ushahidi kwa rundo kubwa.

---

Kapu_la_Waya | #9

Sasa makosa ya maabara, maana hapa ndipo majibu ya uongo yanapozaliwa. Nayaweka yalivyo, bila mpangilio.

Themokapo kuhama. Unaigonga wakati wa kusawazisha unga, ncha inasogea milimita 15 kutoka katikati, nawe unapima sehemu iliyo baridi kuliko kiini. Ifunge kwenye waya mgumu unaopita juu ya kikapu, ingiza ncha mpaka 50 mm kwa kikapu kikubwa, kisha jaza ukiizunguka. Usichome unga uliokwisha kujaa, unaacha mfereji wa hewa kando ya waya.

Msongamano. Pima uzito wa kikapu kitupu na kilichojaa, andika gramu kwa lita. Unga uleule ukiujaza kwa kumimina unaweza kuwa na gramu 380, ukiugonga 450. Mwingine akirudia kipimo bila namba hiyo atapata mchoro mwingine na mtagombana bure.

Unyevu. Mchoro utapanda, utalala karibu na nyuzi 100 kwa muda, kisha utapanda tena. Hapo maji yanatoka. Mlalo ukiwa mrefu, saa zako 24 zimeliwa na ukaushaji. Usihesabu tangu ulipowasha tanuri. Hesabu tangu tanuri lilipofika joto lake, na ukiona sampuli bado inapanda mwishoni mwa saa 24, iache. Kuizima kwa sababu kanuni imesema 24 ni kujidanganya mwenyewe.

Hewa haba. Tanuri lililofungwa kabisa linamaliza oksijeni yake. Mchoro unapanda mpaka 165, unalegea, unashuka, nawe unaandika "hapana". Fungua tundu la hewa la tanuri.

Mabaki ya sampuli iliyopita. Mvuke ulioganda ukutani mwa tanuri unaweza kuwaka wenyewe, au ukaathiri sampuli mpya. Unguza tanuri tupu kwa joto la juu baada ya kila sampuli yenye mafuta au salfa, na safisha wavu mpaka matundu ya 0.05 yapitishe mwanga. Wavu ulioziba ni kopo.

Unga unaoyeyuka. Ukiyeyuka wote chini ya nyuzi 160, kipimo hiki hakiuhusu, maana uso wa punje umepotea. Ukiyeyuka nusu na kuganda ganda juu, andika hivyo kwenye ripoti, usikae kimya.

Kipeo kidogo. Katikati inafika 152, inarudi 140. Kikanuni ni "hapana". Mimi mchoro wa namna hiyo naupeleka kwa anayehesabu kama #6, kwa sababu umeshaonyesha kwamba unga unazalisha joto. Lita moja imeweza kulitoa. Mita za ujazo kumi hazijaulizwa bado.

---

Bohari7 | #10

Kabla ya tanuri, je, kuna kipimo cha haraka cha kujua kama unga unawaka ukigusa hewa tu?

---

Kapu_la_Waya | #11

Upo, N.2, na lazima utangulie. Mililita 1 hadi 2 za unga unazimimina kutoka urefu wa takriban mita 1 juu ya sakafu isiyoungua, unaangalia kama unawaka ukiwa njiani au ndani ya dakika 5. Mara sita, labda uwake mapema. Ukiwaka hata mara moja ni kundi I na hauingii tanuri la mtu.

Jambo la pili la kutangulia: soma fomula. Peroksidi za kikaboni, nitrati zilizochanganywa na kitu kinachoungua, azo, chochote chenye uwezo wa kulipuka au kuvunjika chenyewe, usikiweke lita moja kwenye tanuri la milango ya kioo. Hizo zina vipimo vyake vya joto la kuvunjika ndani ya kifungashio.

---

Rangi_na_Chumvi | #12

Hapo pa "kuvunjika chenyewe" pana kemikali moja iliyo kila mahali kwenye kazi zetu: sodiamu haidrosalfaiti, ile ya kupaka rangi nguo na batiki. UN 1384 (namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari), daraja 4.2, kundi II.

Watu huitazama kama makaa, kwamba tatizo ni hewa tu. Ina njia mbili. Ya kwanza ni hewa na unyevu: inaoksidika kuwa bisalfaiti na bisalfeti, joto linatoka. Ya pili haihitaji hewa kabisa: molekuli mbili zake pamoja na maji zinageuka thaiosalfeti na bisalfaiti. Kwa hiyo kuipulizia naitrojeni kunafunga mlango mmoja, mwingine uko wazi. Maji kidogo ndiyo mabaya zaidi, mfano pipa lililofunguliwa kwa mikono yenye maji, au kijiko kilichotoka kwenye beseni la rangi. Maji kidogo yanaanzisha kazi na hayatoshi kulipoza.

Mlipuko wa Lodi, New Jersey, tarehe 21 Aprili 1995 ni wa familia hii: mashine ya kuchanganyia yenye unga wa alumini na sodiamu haidrosalfaiti, maji yakaingia ndani, watu watano wakafa.

Kwa maabara: usiweke lita moja. Kikapu cha 25 mm kinatosha kukupa jibu, na gesi ya salfa itakayotoka inataka chemba yenye kufyonza hewa, siyo feni ya dirishani. Na pima sampuli kutoka pipa lililofunguliwa siku nyingi pia, siyo jipya peke yake. Majibu yatatofautiana, na hilo la zamani ndilo linalokaa bohari.

---

Shamba_Safi | #13

Dawa za ukungu za manebu nazo. Manebu ni UN 2210, daraja 4.2 lenye hatari ya pili 4.3 (kutoa gesi inayowaka ikigusa maji). Ikitiwa kiimarishi inaweza kuhamia UN 2968, ambako 4.2 inaondoka na 4.3 inabaki.

Njia ya kuthibitisha haifanani na N.4. Sharti linataka mchemraba wa mita 1 ya ujazo usiwake, na katikati yake usipite nyuzi 200, sampuli ikishikiliwa kwa joto lisilopungua nyuzi 75 (kupotoka 2 juu au chini) kwa saa 24.

Tumia hesabu ya #8 hapo: r ni 0.5, unapata sekunde milioni 2.5, siku 29. Ukiingiza mita nzima ya unga wa nyuzi 28 ndani ya chumba cha nyuzi 75 na kuutoa kesho yake, katikati bado hapajajua kama kuna moto nje. Neno la sharti ni *sampuli* kushikiliwa kwa 75, wala si chumba. Anayesoma haraka anapata "hapana" ya bure.

---

MizigoBandarini | #14

Na makaa ya vifuu je? Kuna maelezo kwamba cheti cha N.4 kilikuwa kinatosha kuyapakia kama mzigo wa kawaida.

---

PodaNyeusi | #15

Kilikuwa. Marekebisho 42-24 ya kanuni za bidhaa hatari baharini yameondoa msamaha huo kwa UN 1361, na yanalazimu tangu tarehe 1 Januari 2026. Makaa sasa yanasafiri kama 4.2 hata kama lita moja ilifaulu tanurini. Masharti ya kupakia nayo yapo: makaa yaachwe wazi kwa hewa angalau siku 14 baada ya kuchomwa, au yapitishwe mvuke na kupozwa saa 24, joto lake siku ya kufungasha lisizidi nyuzi 40, nafasi ya sentimita 30 ibaki juu ya mzigo ndani ya kontena. Urefu wa mzigo usizidi mita 1.5, ama upangwe kwa mafungu yasiyozidi mita 16 za ujazo yenye nafasi ya sentimita 15 kati yao.

Hizo siku 14 zina maana. Makaa yakitoka tu tanurini, uso wake una njaa ya oksijeni. Yakiila wazi, yametandazwa, joto linapotea hewani. Yakifungwa, yanaila ndani ya rundo. Sampuli iliyopelekwa maabara ikiwa na wiki tatu na mzigo uliopakiwa ukiwa na siku mbili ni vitu viwili, japo vimetoka kwenye tanuri moja. Na kusaga makaa kuwa unga kunafungua uso mpya, kwa hiyo siku zihesabiwe tangu kusagwa.

Kaboni amilifu ina jambo lake jingine: ikinasa mvuke wa ketoni kwenye vichujio inapata joto kwa unasaji wenyewe pamoja na kuoksidika kwa ketoni juu ya kaboni. Kipimo cha kaboni safi hakitaliona hilo.

---

Mashudu_na_Mbata | #16

Samahani kuingilia, mashudu ya pamba na alizeti si kemikali lakini yanapelekwa kwenye kikapu hikihiki. Tahadhari moja tu: chini ya nyuzi 70 hivi anayepasha joto ni vijidudu, wakipata unyevu. Wao ndio wanaopandisha rundo mpaka pale mafuta yanapoanza kuoksidika kwa kasi. Tanuri la 140 linawaua dakika za mwanzo. Kwa hiyo "hapana" ya N.4 kwa mashudu yenye maji mengi haisemi chochote kuhusu hatua ya kwanza. Pima unyevu na mafuta yaliyobaki, vyote viwili, kila shehena.

---

Hesabu_Baridi | #17

Hilo linagusa mipaka ya #6 pia. Mstari unachukulia kwamba kinachopasha joto kwa 150 ndicho kilekile kwa 45. Vijidudu, unyevu unaotonesha maji juu ya punje, kiimarishi kilichokwisha: vyote vinavunja mstari, na vinauvunja upande wa hatari.

Kufungasha kukiwa moto ni suala jingine. Unga ukitoka kikaushio ukiwa nyuzi 80 na kumiminwa kwenye mfuko wa mita 1 ya ujazo, joto la bohari halina neno tena kwa siku kadhaa, kiini kinabaki na joto lake. Makaa ya rejea kwa nyuzi 80 yana upande wa hatari wa sentimita 79 tu. Mazingira yakiwa 30 hali ni nafuu kuliko namba hiyo, ila usiitegemee nafuu. Weka sharti la joto la kufungasha, na lipimwe *ndani* ya mfuko kwa fimbo ndefu, si kwa bastola ya mwanga inayosoma ngozi ya nje.

---

Fundi_Kikaushio | #18

Na tabaka la vumbi juu ya mota na bomba za mvuke? Naona watu wanatumia namba ya kikapu.

---

Kapu_la_Waya | #19

Siyo ya huko. Tabaka linapimwa juu ya bamba moto: unene 5 mm, unga haugandamizwi. Umewaka ukiona mng'ao au mwali, au joto ndani likafika 450, au likapita bamba kwa nyuzi 250. Uso wa mashine uwe nyuzi 75 chini ya joto hilo. Tabaka likizidi 5 mm, namba inashuka na sharti hilo halikulindi; pima kwa unene ulio nao au fagia.

---

Bohari7 | #20

Swali la mwisho kwangu: sampuli ikiwaka tanurini saa nane usiku, hatua gani?

---

Kapu_la_Waya | #21

Mpangilio uwe umewekwa mchana. Kirekodi kiwe na kikomo kinachokata umeme wa tanuri katikati ikifika 250; hapo umeshapata jibu lako, hakuna faida ya kuendelea. Bomba la kutoa moshi lielekee nje, na kipima kaboni monoksidi kiwe chumbani, maana gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

Mlango usifunguliwe. Lita ya unga inayofukuta ina gesi zinazoungua juu yake, na hewa mpya ikiingia kwa ghafla inaweza kuruka mwali usoni. Ingiza naitrojeni au kaboni dioksaidi kwa tundu la tanuri, taratibu, upepo mkali unarusha unga na wingu la unga ni habari nyingine. Subiri mpaka katikati ishuke chini ya 50, hata ikichukua saa kumi. Juu tu ukigusa baridi, kiini kinaweza kuwa 300.

Unga wa metali, mfano zinki, alumini au zirkoniamu, hautaki maji wala kaboni dioksaidi. Mchanga mkavu, na ukavu wake uuhakikishe kabla.

Kikapu kikitoka kiingie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje ya jengo usiku mmoja mwingine. Kwenye ripoti andika: umbo na unyevu wa unga ulipoingia, tarehe ulipotengenezwa au kusagwa, gramu kwa lita, mahali ncha ya themokapo ilipokuwa, muda tangu katikati ilipovuka joto la tanuri mpaka kipeo, na hali ya unga baada ya hapo: rangi, mabonge, uzito uliobaki. Mchoro wa joto uambatishwe wote wa saa 24, kipeo peke yake hakitoshi.